Gemu za Windows kwenye Mac: utoe hela kwa kipi kwanza

Kabla hujalipia chochote, bofya alama ya tufaha juu kushoto mwa kioo, kisha About This Mac. Ukikuta M1, M2 na kuendelea, una chipu ya Apple, zile zilizoanza kutoka Novemba 2020. Ukikuta Intel, njia yako ni nyingine. Angalia pia kama gemu yenyewe ina toleo la Mac tayari: Baldur's Gate 3 inalo, na Cyberpunk 2077 ililipata Julai 2025. Hapo huna cha kuongeza.

1. CrossOver. Kwa mwenye chipu ya M, anzia hapa. Haihitaji Windows wala leseni yake. Inatafsiri amri za gemu ili macOS izielewe. Unaijaribu bure siku 14. Ukishainunua, toleo ulilonalo halizimwi. Kinachokwisha baada ya mwaka ni masasisho. Bonyeza Install, andika Steam (duka la gemu mtandaoni), nayo CrossOver itatengeneza "chupa" ya kuhifadhi faili zote. Kwenye chupa hiyo washa MSync, swichi ya kuongeza kasi. Gemu ya DirectX 12 (DirectX ni mfumo wa Windows wa kuchora picha za gemu) iwekee D3DMetal, kitafsiri cha Apple. Ya DirectX 11 anza na kitafsiri kingine, DXMT. Dakika za mwanzo itakwamakwama kwa sababu inaandaa shader, yaani programu ndogo za kuchora mwanga na rangi. Usiifute. Pita tena eneo lilelile, ndipo uihukumu.

Kinachoumiza wengi ni FC, gemu ya mpira ya EA iliyorithi FIFA. Tangu FIFA 23, EA imeweka kinga ya wadanganyifu inayozama ndani kabisa ya Windows, na bila kinga hiyo gemu haifunguki hata ukicheza peke yako. Valorant, gemu ya risasi ya mtandaoni, nayo ni hivyohivyo. Kwenye chipu ya M, RAM nyingi haitibu hilo, wala Parallels (namba 3 hapa chini). Muuzaji akisema "itacheza tu", mwambie aifungue mbele yako. Kama unachotaka ni FC peke yake, hela hiyo peleka kwenye PlayStation.

2. Boot Camp. Inaiwasha Mac moja kwa moja kwenye Windows. Ya bure, kwa Intel tu. Tenga GB 128 za diski. MacBook Pro yenye grafiki ya AMD inafaa. Air itachemka bure. Lakini Windows 10 iliacha kuhudumiwa 14 Oktoba 2025, na Boot Camp haitambui Windows 11. Itumie kama Mac hiyo unayo tayari, usiinunue leo kwa ajili ya gemu.

3. Parallels. Inaendesha Windows 11 ndani ya dirisha, ila inaishia DirectX 11. Mac yenye RAM ya GB 8 ikiigawia Windows nusu, macOS na Windows zote zinakosa pumzi. Inafaa gemu nyepesi za zamani.

4. GeForce NOW. Gemu inachezeshwa kwenye seva za mbali, wewe unaletewa picha. Kwa 1080p inataka 25 Mbps, yaani hadi GB 11 kwa saa, na ping (muda wa kwenda na kurudi kwenye seva) isiyozidi milisekunde 80. Kwa bando la simu, hapana.

Ukinunua Mac iliyotumika, Arusha au Moshi, dai RAM ya GB 16. Kwenye chipu za M haiongezwi baadaye. Diski ya nje ifomati APFS, mpangilio wa faili wa Mac. Ikiwa NTFS, ule wa Windows, macOS inaisoma tu, haiandiki.

Gemu ya GB 100 kwa 10 Mbps inashuka kwa saa 22 hivi. Umeme ukikatika Njiro au Pasua, MacBook itabaki na betri yake lakini rauta itazima. UPS ndogo (betri ya akiba) iwekee rauta kwanza.