Uzoefu wangu na shahada ya uzamili ya uchumi wa fedha

Programu niliyosoma ni ya mwaka mmoja: mihula miwili ya masomo, kisha tasnifu. Anayeifikiria ajue jambo hili kabla ya kujaza fomu: hapa hufundishwi hisa gani ununue. Unafundishwa kwa nini mali ina bei iliyo nayo, na namna ya kupima kwa data kama maelezo hayo yanasimama. Kama unachotaka ni kusoma mizania na kutathmini kampuni, shahada ya fedha au ya biashara itakufaa zaidi, na haitakuchosha kiasi hiki.

Hesabu ndiyo inayowaangusha wengi, tena mapema. Ingia ukiwa unaweza kutafuta upeo wa fomula yenye masharti kwa njia ya Lagrange, kuzidisha na kugeuza matriksi, na kukokotoa wastani unaotarajiwa pale ambapo tayari una taarifa fulani mkononi. Hili la mwisho watu hulipuuza, kumbe ndilo moyo wa somo la bei za mali. Somo zima linasimama juu ya mstari mmoja: bei ya leo ni wastani unaotarajiwa wa malipo ya kesho, baada ya kila malipo kuzidishwa na kipimo cha uhitaji wako wa pesa siku hiyo. Malipo yanayokuja wakati wa dhiki yana thamani kuliko yanayokuja wakati wa neema. Kwa hiyo mali inayoporomoka pamoja na uchumi lazima iuzwe rahisi, la sivyo hakuna atakayeishika. CAPM (modeli inayopima hatari ya mali kwa jinsi inavyokwenda na soko zima), hatifungani (mikopo inayouzwa sokoni) na opsheni (haki ya kununua au kuuza mali kwa bei iliyopangwa) vyote ni matawi ya mstari huo. Ukiushika katika wiki za kwanza, muhula unakuwa mwepesi. Ukikariri fomula moja moja, mtihani utakubadilishia swali na utakwama.

Kwenye opsheni, fomula ya Black na Scholes ya mwaka 1973 yenyewe si ngumu kuitumia. Kinachotatiza ni ile nusu ya varianzi (kipimo cha mtawanyiko wa mabadiliko ya bei) inayotolewa ukihamia kwenye logi ya bei, na wengi huiandika bila kujua imetoka wapi. Chukua hisa ya 100. Ikipanda asilimia 50 inafika 150. Kisha ikishuka asilimia 50 inabaki 75. Wastani wa mabadiliko ni sifuri, lakini umepoteza robo ya pesa. Kwa logi asilia, kupanda ni 0.405 na kushuka ni −0.693, jumla ni −0.288, ambayo ndiyo logi ya 0.75. Mtikisiko wa bei peke yake unakula ukuaji, na ile nusu ya varianzi ndiyo makadirio ya kiasi kinacholiwa.

Ekonometria ya mfululizo wa wakati, yaani kupima kwa takwimu data inayofuatana kwa tarehe, ndilo somo lililonifaa kuliko yote, na programu isiyolifanya la lazima nisingemshauri mtu alipie. Granger na Newbold walionyesha mwaka 1974 kwamba ukichukua mifululizo miwili inayotangatanga bila uhusiano wowote na kuiweka kwenye rigresheni (njia ya kupima uhusiano kati ya vitu kwa data), mara nyingi utapata matokeo yanayoonekana ya maana kabisa. Ndiyo maana hatuweki bei ghafi kwenye rigresheni bila kupima kwanza, kwa kipimo cha Dickey na Fuller kwa mfano, kinachoangalia kama mfululizo unatangatanga. Kwa kawaida tunafanyia kazi mabadiliko ya logi ya bei. Halafu kuna modeli mbili, ARCH ya Engle ya 1982 na GARCH ya Bollerslev ya 1986, zinazoshughulikia tabia ya masoko kutulia kwa muda mrefu kisha kutikisika mfululizo.

Tasnifu sasa. Hapa muda haumalizwi na kuandika, unamalizwa na kusafisha data. Kosa la kwanza ni kutumia bei isiyorekebishwa. Kampuni ikigawa kila hisa kuwa mbili, bei inatoka 200 hadi 100 usiku mmoja. Mwenye hisa hajapoteza kitu, lakini programu yako ya kompyuta inasoma hasara ya asilimia 50, na mstari mmoja wa namna hiyo unaweza kuharibu kipimo chote cha mtikisiko wa kampuni hiyo. Magawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) nayo lazima yaingizwe. Kosa la pili ni kuchukua kampuni zilizopo sokoni leo na kurudi nazo nyuma miaka 20: zilizofilisika umeziacha nje, kwa hiyo faida itaonekana nono kuliko ilivyokuwa. La tatu ni gumu kuliona: hesabu za kampuni za mwisho wa Desemba huchapishwa miezi kadhaa baadaye, na ukizitumia kupanga hisa za Januari umempa mwekezaji wa kwenye utafiti wako taarifa ambayo hakuwa nayo.

Kabla ya kuunda kitu kipya, jenga upya kitu kinachojulikana. Vigezo vya Fama na French (tofauti za mapato kati ya makundi ya hisa, kama kampuni ndogo na kubwa, zinazotumika kueleza faida za hisa) vinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenneth French. Vitengeneze mwenyewe kwa data ya soko lilelile, kisha vilinganishe na vyake. Kama haviendi pamoja kwa karibu sana, kosa liko kwenye msimbo wako, na ni heri ulijue sasa kuliko wiki ya kukabidhi.

Upungufu niliouona ni programu za kompyuta: R, Python au Stata zinatajwa kana kwamba kila mtu anazijua tayari. Jifunze moja mapema, hasa kuunganisha majedwali mawili kwa tarehe na namba ya kampuni. Na kabla ya kukubali nafasi, uliza chuo maswali mawili kwa maandishi: mwanafunzi wa uzamili anapata hifadhidata zipi za bei za hisa, na je, zinafunguka akiwa nje ya maktaba?