Kamera za Kihisi Kidogo: Chagua Lenzi Kwanza, Bodi Baadaye

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji siku hizi yamefanana mno. Mtu amedunduliza fedha zake, akanunua Canon EOS M50 pamoja na lenzi mbili tatu, akapiga nayo picha za sendofu na kipaimara mpaka akapata wateja wa kudumu, na sasa anataka kupanda daraja achukue Canon R10 au R7. Anafika dukani na begi lake, lenzi inajaribiwa kwenye mdomo wa kamera mpya, na haishiki. Ndipo ananiandikia kuuliza adapta yake inauzwa wapi.

Adapta hiyo Canon haikuitengeneza. Mdomo wa mfumo wa EF-M unaotumiwa na M50, yaani lile duara ambalo lenzi hushikana na kamera, una kipenyo cha milimita 47, na lenzi zake zilipimwa kukaa milimita 18 kutoka kwenye kihisi, kile kipande kinachonasa picha. Mdomo wa RF, ambao ndio wa R10 na R7, una milimita 54 na umbali wake ni milimita 20. Ili lenzi ya zamani iweze kuona mbali kwenye bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ingelazimika kuzama milimita 2 ndani ya kamera, ilhali kazi ya adapta ni kuongeza umbali. Canon ilizindua EOS M mwaka 2012, ikauacha mfumo huo mwaka 2023, na walionunua lenzi zake wamebaki na mali isiyo na mrithi.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautapoteza nafasi kwa megapikseli wala video ya 4K, mambo ambayo kila tangazo limekwisha kuyataja. Ninazipanga kamera kwa swali moja ambalo wauzaji hawaulizwi: kampuni hii ina sababu gani ya kuendelea kutengeneza lenzi nzuri zilizopimwa kwa kihisi kidogo?

Tuanze na ukubwa wenyewe. Kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya filamu ya zamani. Kile cha APS-C kinachotumiwa na Fujifilm, Sony na Nikon kina takriban 23.5 kwa 15.6, na cha Canon kimepungua kidogo tena. Cha Micro Four Thirds, kinachotumiwa na OM System na Panasonic, kina 17.3 kwa 13. Ukipiga hesabu ya eneo utaona kwamba fremu kamili inaizidi APS-C kwa mara 2 na kidogo, na inaizidi Micro Four Thirds kwa karibu mara 4. Hiyo ndiyo tofauti inayotangazwa madukani kana kwamba ni ya mbingu na ardhi.

Sasa itazame lenzi inayokuja ndani ya boksi. Kwenye lenzi ya Canon RF-S 18-45 (RF-S ni lenzi za APS-C za mdomo wa RF), maandishi yanayozunguka kioo cha mbele yanasomeka 1:4.5-6.3, na namba hiyo ya mwisho maana yake ni kwamba ukivuta hadi mwisho, tundu la kupitishia mwanga linabaki f/6.3. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga mara 12 zaidi ya huo. Mpiga picha aliyesimama ukumbini saa tatu usiku, maharusi wanapoingia kwa muziki na taa nyeupe zimezimwa zikabaki za rangi, anaona ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ikipanda hadi 12800 na picha ikichafuka, au shata ikishuka hadi 1/30 na bibi harusi anayecheza akitoka amefifia. Akirudi nyumbani analaumu udogo wa kihisi na kuanza kuulizia bei ya fremu kamili, ilhali kilichomwangusha ni lenzi ya boksini, na lenzi moja ya f/1.8 au f/1.4 ingempa mwanga mwingi kuliko badiliko lolote la kihisi.

Hapa ndipo mkakati wa kampuni unapomgusa mnunuzi. Kampuni yenye kamera za fremu kamili za kuuza haina haraka ya kukuondolea tatizo hilo, kwa kuwa ikikutengenezea lenzi ndogo, yenye tundu kubwa na ya bei ya kati, utaridhika na kubaki ulipo. Ikichelewa kukutengenezea, utavumilia mwaka mmoja au miwili, kisha utahamia kwenye fremu kamili ambako bodi na lenzi zina bei kubwa zaidi. Huo ni uamuzi wa kibiashara, na ushahidi wake umo katika orodha za lenzi ambazo kila kampuni huzichapisha yenyewe.

1. Fujifilm X

Fujifilm naiweka ya kwanza, na mapenzi yangu kwayo siyafichi. Haitengenezi kamera za fremu kamili kabisa. Juu ya APS-C inazo kamera za GFX, zilizoanza kuuzwa mwaka 2017, zenye kihisi cha milimita 44 kwa 33, na hizo ni za mteja mwingine mwenye mfuko mwingine. Kwa hiyo kihisi cha APS-C kwao ndicho nyumba yenyewe, wakati kwa washindani kimekuwa ngazi ya kupandia kwenda kwingine, na tofauti hiyo inaonekana katika lenzi. Lenzi ya XF 35mm f/1.4 iliyotoka mwaka 2012 pamoja na kamera ya kwanza ya mfumo huo, X-Pro1, inashika na kufanya kazi kwenye X-T5 ya mwaka 2022 yenye megapikseli 40. Zipo lenzi ndogo za f/2 za milimita 23, 35 na 50 zinazostahimili vumbi na manyunyu, na kwa asiye na uwezo wa hizo ipo XC 35mm f/2 ya mwaka 2020, yenye vioo vilevile vya XF 35mm f/2 vilivyowekwa ndani ya gamba la plastiki bila pete ya kubadilisha tundu. Sijaona kampuni nyingine ikimpa mnunuzi wa bei ya chini vioo vyake vizuri kwa namna hiyo.

Kwa kazi za sherehe ningechukua X-S20, kwa kuwa ina kituliza mtikisiko ndani ya bodi na betri kubwa. X-M5 ilipotoka mwishoni mwa 2024 ilitangazwa kwa dola 799 Marekani, bodi tupu, lakini haina kioo cha kuchungulia wala kituliza mtikisiko, na anayepiga picha juani mchana atalikumbuka jambo hilo. Chukua bodi tupu na XC 35mm, uiache lenzi ya boksi ya 15-45. Upungufu wa Fujifilm upo, na ni wa kweli: fokasi yake katika kumfuata mtu anayekimbia haijaifikia ya Sony, na kamera zake zinazopendwa huadimika mpaka bei ikapanda bila sababu nyingine.

2. Sony E

Sony ina mdomo mmoja kwa vihisi vyote viwili. Ulianza mwaka 2010 na kamera ndogo za NEX, na mwaka 2013 ukapokea fremu kamili ya a7, kwa hiyo lenzi unayoinunua leo utapanda nayo ukitaka. Kampuni nyingine pia zimeutengenezea lenzi kwa wingi: Sigma 18-50 f/2.8 ya mwaka 2021 ina uzito usiofika gramu 300, na Tamron 17-70 f/2.8 ina kituliza mtikisiko. Sony yenyewe ndiyo inayonitia shaka, maana kati ya a6600 ya mwaka 2019 na a6700 ya mwaka 2023 ilipita miaka 4 bila bodi ya daraja la juu ya APS-C kwa wapiga picha. Nunua a6700 ukiweza. Anayetaka ZV-E10 II ajue kwamba haina shata ya mitambo, kwa hiyo haitumii flashi, na chini ya baadhi ya taa za LED za ukumbini picha zake zinaweza kutoka na mistari. Wauzaji huisifu kwa video, wakanyamaza kuhusu hilo mbele ya mteja aliyesema wazi kwamba anapiga harusi.

3. OM System na Panasonic

Hawa wana kihisi kidogo kuliko wote, na kila mwaka husikika kwamba wamekwisha. Hofu hiyo ina chanzo: Olympus ilitangaza mwaka 2020 kwamba inauza kitengo chake cha kamera, na tangu Januari 2021 kazi hiyo iko mikononi mwa OM Digital Solutions. Hata hivyo mdomo wa Micro Four Thirds uliotangazwa mwaka 2008 unaishi hadi leo, na lenzi za Panasonic hushika kwenye OM System na za OM System kwenye Panasonic, jambo linalomlinda mnunuzi hata mmoja wao akilegea.

Kwa ukumbi wa usiku siwapendekezi. Kwa mbuga nawapendekeza kwa nguvu. Muongoza watalii wa Serengeti au Tarangire anayepiga picha za ndege akiwa na OM-1 na lenzi ya 300mm f/4 anapata mwono sawa na wa 600mm kwenye fremu kamili, kwa mzigo anaoushika mkononi siku nzima, na bodi hiyo ina kinga ya IP53 dhidi ya vumbi na maji, pamoja na kituliza mtikisiko cha hali ya juu. Kinachonisikitisha ni kasi ya maendeleo. OM-1 Mark II ya mwaka 2024 na OM-3 ya mwaka 2025 zinatumia kihisi cha megapikseli 20 cha kizazi kilekile cha OM-1 ya mwaka 2022, na OM-5 ilisubiri hadi Mark II ya mwaka 2025 ndipo ikapata tundu la chaji la USB-C. Panasonic nayo, ambayo tangu 2019 inauza fremu kamili, iliitoa G9 II ndani ya bodi ya umbo lilelile la S5 II yake ya fremu kamili. Mtu anayenunua kihisi kidogo ili apunguze mzigo hana faida na kamera ya namna hiyo.

4. Nikon Z DX

Z50II ya Novemba 2024 ni kamera nzuri sana kwa bei yake, yenye prosesa ya kizazi cha Z8 na Z9. Lakini Nikon ilianza DX, jina lake la APS-C, kwenye mdomo wa Z mwaka 2019, na lenzi yake ya kwanza ya DX ya f/1.7, ile ya 24mm, ikaja mwaka 2023. Zumu ya DX ya 16-50 f/2.8 ilisubiriwa hadi Oktoba 2025. Bodi zote za Z DX hadi hiyo Z50II hazina kituliza mtikisiko ndani yake. Nakumbuka pia Nikon 1, mfumo uliozinduliwa mwaka 2011 na kusitishwa mwaka 2018. Lenzi za Sigma za f/1.4 zilizokuja kwenye Z mwaka 2023 ndizo zinazoniruhusu kuipa nafasi hii.

5. Canon RF-S

Fokasi ya Canon ni ya kutegemewa, rangi za ngozi zetu inazitoa vizuri, na R7 ina kituliza mtikisiko. Naiweka ya mwisho kwa sababu ya EOS M na kwa sababu zumu zake za RF-S, tangu R7 na R10 zilipotangazwa Mei 2022, ni za tundu dogo. Ilipoiruhusu Sigma kutengeneza lenzi za APS-C kwa mdomo wa RF mwaka 2024, mnunuzi wa R10 akapata 18-50 f/2.8 kutoka kwa mgeni kabla mwenyeji hajamtengenezea ya kulingana nayo. Ukiwa tayari na lenzi za zamani za EF, zile za kamera za DSLR za Canon, hizo hukaa vizuri kwenye RF kwa adapta, na hapo Canon inastahili kufikiriwa upya. R100 iache, haina hata kioo cha kugusa.

Kwa mfuko mdogo, DSLR ya mtumba ya Canon pamoja na EF 50mm f/1.8 inatosha, maana lenzi hiyo utahama nayo.

Nimalizie na madukani, Kariakoo kwa Dar es Salaam na katikati ya jiji kwa Nairobi, kwa sababu nusu ya malalamiko niliyopokea chanzo chake ni huko. Bei haiandikwi, unaambiwa uje inbox, na ukija, bei inategemea unavyoonekana. Winga, yaani dalali, anakuongezea chake kabla hujamfikia mwenye duka. Boksi linafunguliwa, lenzi inauzwa peke yake, bodi inauzwa peke yake, kisha mteja anayetaka bodi tupu anaambiwa hazipo, achukue seti yenye begi, stendi na kichujio asichokihitaji. Waranti ni karatasi ya duka lenyewe. VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya inahesabiwa ndani ya bei, lakini ukidai risiti ya mashine unaambiwa bei itapanda. Ukikubali kununua katika hali hiyo, usitoke dukani kabla risiti haijaandikwa namba ya bodi, jina kamili la lenzi na jina la mdomo wake, EF-M, RF, E, X au Z, kwa herufi zinazosomeka.