Nilisema kusahihisha, karani akaandika kubadilisha: uzoefu wangu na kisanduku 7b cha DD 214

Karani alichukua kalamu ya buluu akakizungushia duara kisanduku 7b, juu ya DD 214 yangu halisi, hati ya kutoka jeshi la Marekani, nakala ya Member-4 anayotunza askari mwenyewe, huku akiniambia bila kuniangalia kwamba makazi ya kuingilia jeshini hayabadilishwi. Kisha akaandika pembeni mwa karatasi hiyo hiyo, kwa Kiingereza, "anataka kubadilisha", akapiga mistari miwili chini yake. Mimi sikusema kubadilisha. Nilisema kusahihisha, na nililisema neno hilo mara tatu.

Ofisi yenyewe siitaji. Ni mojawapo ya hizi za kuwasaidia maveterani kujaza fomu, hapa Marekani, na huduma yake ni ya bure. Nyota moja. Naandika kwa ajili ya ndugu zetu waliotumikia jeshi la Marekani, hasa walioingia kwa mpango wa MAVNI, wa kuandikisha wageni wenye ujuzi uliohitajika, kabla haujasimamishwa mwaka 2016, mpango uliokiweka Kiswahili kwenye orodha ya lugha zilizotafutwa. Mwanafunzi anayehama chumba kila muhula, barua zake za uhamiaji zinaenda kwa shangazi jimbo jingine, ni rahisi sana kuandikishwa kwa anwani ya shangazi. Siku ya kuapa hakuna anayejali. Miaka inapita, unaenda kudai haki ya jimbo ulilokuwa ukiishi kweli, na karatasi inasema hukuwahi kuishi huko.

Jambo ambalo karani alipaswa kuniuliza kwanza, na hakuniuliza, ni hili: anwani ipi? Ziko nne na kila moja ina mlango wake. Kisanduku 7a cha DD 214 ni mahali ulipoingilia utumishi. 7b ni makazi yako wakati wa kuingia, yale yaliyochapishwa HOME OF RECORD. 19a ni anwani ya kupokelea barua baada ya kutoka jeshini. Ya nne haimo kwenye DD 214 kabisa: ni jimbo la makazi ya kisheria, lile la kukatwa kodi, nayo hutangazwa kwa fomu DD 2058 ukiwa bado kazini. Ukimpa mtu anayesoma haraka neno "makazi" pekee, atachukua lolote kati ya hayo manne. Wengi hujaza DD 2058 wakiamini imerekebisha 7b. Haikugusa kitu. Wengine wanabadilisha anwani kwenye akaunti yao ya VA, idara ya maveterani, wanapata ujumbe kwamba imepokelewa, wanalala usingizi. Hiyo ni ya barua na malipo tu, na faili la jeshi halina habari nayo. Na ikiwa shida yako ni 19a kwa sababu umehama tangu utoke, usijisumbue: ile inaonyesha ulikosema utaenda siku ile, na kuhama si kosa la kusahihishwa.

Sasa 7b. Inalindwa kwa sababu ya pesa. Askari anapotoka, safari na usafirishaji wa mizigo yake huhesabiwa kwa kufuata makazi hayo au mahali alipoitwa kazini. Kama kila mtu angeruhusiwa kuchagua makazi mapya katikati ya mkataba, wangechagua ya mbali zaidi. Ndiyo maana kanuni inasema yanabaki yale ya siku ya kuingia, na unaweza kutaja mapya ukiwa umetoka jeshini kwa zaidi ya siku moja kamili kisha ukajiandikisha tena. Hiyo ndiyo habari ya kubadilisha. Lakini kanuni hizo hizo zinaruhusu kusahihisha pale makazi yalipoandikwa kimakosa tangu mwanzo. Anayebadilisha anasema, "nilikuwa naishi kule, sasa nataka pahesabiwe hapa." Anayesahihisha anasema, "sikuwahi kuishi kule, na ushahidi wangu huu hapa." Ombi la kwanza hukataliwa, la pili husikilizwa. Kwa neno moja alilolichora kwa kalamu, karani alinitoa foleni ya pili akanitupa ya kwanza.

Kwa haki, hakusema uongo mtupu. Alijua nusu ya kanuni, na siku ile kaunta ilikuwa na watu wengi. Kwa hilo nilirudi nikaongeza nyota, zikawa mbili. Kisha nikakumbuka la moto.

Nilipoomba anisaidie kupata mkataba wangu wa kujiandikisha, alinijibu kwamba huenda faili liliungua St. Louis. Moto wa Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi ulitokea Julai 12, 1973. Uliteketeza mafaili takriban milioni 16 hadi 18: ya jeshi la nchi kavu ni ya waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1, 1960, na ya jeshi la anga ni ya waliotoka kati ya Septemba 1947 na Januari 1, 1964, tena yale ya majina yanayofuata Hubbard kwa alfabeti. Askari aliyeingia jeshini karne hii hana karatasi iliyoungua mle. Tarehe ya kutoka imeandikwa kisanduku 12b, sentimita chache kutoka pale alipochora duara lake. Angeshusha macho tu. Kumwambia mtu faili lake limeungua, wakati lipo, ni kumfunga mdomo, na wako watakaoamini na kwenda nyumbani. Hizo nyota mbili nazitilia shaka tena.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu inafanyika na huhitaji kumlipa mtu.

Usianze na ombi la kusahihisha. Anza na faili. Aliyetoka miaka ya karibuni anaweza kulifungua kupitia tovuti ya milConnect, mengine yanaombwa St. Louis kwa mtandao au kwa fomu SF 180, bila malipo kwa veterani mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: ukiomba DD 214 utapewa DD 214 tu. Andika wazi kwamba unataka pia DD Form 4, ambayo ni mkataba wa kujiandikisha, DD Form 1966, ambayo ni kumbukumbu ya siku ya kuandikishwa, na DD 215 yoyote iliyowahi kutolewa. Kwenye SF 180 chagua nakala isiyofutwa kitu, kwa sababu ile fupi huondoa sababu na msimbo wa kutoka, na ofisi nyingi huikataa. Tia sahihi na tarehe. Fomu isiyo na sahihi inarudi, na wiki zako zimepotea.

Zikifika, tandaza mezani. DD Form 4 ina makazi kwenye kisanduku cha 3, juu kabisa. DD 1966 inatenganisha anwani ya sasa na anwani ya makazi, na mara nyingi jibu la fumbo lote limo humo: anwani yako halisi imeandikwa kama "ya sasa", na ya shangazi imeandikwa kama "makazi". Karatasi hizi mbili ndizo zitakuambia uende mlango gani.

Kama DD 4 ina jimbo sahihi na DD 214 ndiyo iliyokosea, hilo ni kosa la kuchapa. Halihitaji bodi. Unaandikia ofisi ya utumishi ya jeshi lako, na kwa waliokuwa jeshi la nchi kavu ni Kamandi ya Rasilimali Watu iliyoko Fort Knox, Kentucky. Ambatisha DD 214 na DD 4, eleza kwa sentensi mbili, omba DD 215. Jua mapema kwamba kwa kawaida hutapewa DD 214 mpya. DD 215 ni karatasi ya marekebisho inayotaja kisanduku, kilichofutwa na kilichowekwa, na kuanzia hapo hizo mbili zinatembea pamoja. Ukipeleka 214 peke yake, mtu wa kaunta atasoma kosa lile lile na kukukatalia kama zamani. Mimi naweka 215 juu, 214 chini. Ikifika isome pale pale, kwa sababu 7a na 7b zimekaa bega kwa bega na rahisi kuchanganywa. Uliza pia kama imeingizwa kwenye faili lako la kielektroniki, isije ikabaki bahasha yako tu.

Kama kosa limo ndani ya DD 4 yenyewe, mlango ni bodi ya kusahihisha rekodi za kijeshi, kwa fomu DD 149, chini ya kifungu 1552 cha Kichwa cha 10 cha sheria za Marekani. Bodi hutofautiana kulingana na jeshi ulilotumikia, kwa hiyo hakikisha unatuma kwa inayokuhusu. Kumbuka bodi huanza kwa kuamini kwamba serikali iliandika sawa, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Sahihi yako iko chini ya DD 4, na hilo litakuwa swali lao la kwanza. Lijibu kabla hawajauliza: nani alijaza, kutoka kitambulisho gani, na kwa nini hukuona kosa.

Ushahidi wenye uzito ni ule uliokuwepo kabla ya tarehe ya kuapa. Mkataba wa nyumba ya kupanga wenye sahihi. Leseni ya gari ya jimbo hilo. Barua ya chuo yenye anwani. Barua ya Selective Service, ofisi inayosajili vijana wanaoweza kuitwa jeshini, ambayo ilitumwa nyumbani kwako ulipojisajili. Kwa waliokuwa wageni wakati huo kuna hazina inayosahaulika: AR-11, taarifa ya kuhama ambayo mgeni hutakiwa kuipeleka uhamiaji ndani ya siku 10. Kama uliipeleka na una uthibitisho wake, una karatasi ya serikali yenyewe inayosema uliishi wapi na tangu lini. Barua za marafiki wanaokumbuka ulikokaa ziweke mwisho, zisiwe nguzo. Na usilete bili za umeme za baada ya kuingia jeshini, zinazungumzia mtu mwingine kabisa, yule uliyekuwa baadaye.

Kuna muda. Sheria inatoa miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, si tangu ulipotoka. Ukipitiliza, bodi inaweza kukusamehe kwa ajili ya haki, lakini ni lazima uombe na utoe sababu. Sehemu hiyo ya fomu usiiache tupu. Andika siku uliyogundua na tukio lililokufanya ugundue, mfano chuo kukukatalia. Na andika ombi moja tu: "Naomba kisanduku 7b kisomeke hivi, badala ya hivi, kwa sababu kiliandikwa kimakosa siku ya kuandikishwa." Ukichanganya na medali, cheo na siku za likizo, ombi dogo linafungwa ndani ya kubwa. Sheria inazitaka bodi zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10 na yote ndani ya miezi 18. Hivyo kama unataka kuanza chuo muhula ujao, usihesabu bodi.

Wala huenda huihitaji, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Soma masharti ya faida yenyewe kabla ya kuandikia mtu yeyote. Texas, kwa mfano, ina Hazlewood, hadi saa 150 za masomo (credit hours) bila ada kwenye vyuo vya umma. Haidai 7b peke yake: inakubali aliyetaja Texas kuwa makazi, au aliyeingilia jeshini Texas, au aliyekuwa mkazi wa Texas wakati wa kuingia. Mtu ambaye 7a yake inasema Dallas amekwisha kuvuka mto, hata kama 7b inasema Minnesota. Masharti mengine yapo, yakiwemo siku 181 za utumishi bila kuhesabu mafunzo, lakini la makazi ya wakati wa kuingia limeisha. Massachusetts na Illinois, kwa baadhi ya faida zao, huuliza kama uliishi jimboni miezi sita kabla ya kuingia, na hilo unaweza kulijengea hoja kwa mkataba wa nyumba na barua ya chuo ukiwa bado unasubiri 215. Karani anayekaa dirisha hilo kila siku anapaswa kuyajua haya kuliko mimi. Swali moja tu, "unaihitaji kwa ajili gani?", lingemwokolea mtu miezi.

Na ile kalamu. Juu ya DD 214 pamechapwa onyo kwamba badiliko lolote kwenye sehemu zenye kivuli linaibatilisha fomu. Duara liwe ndani ya kivuli au nje, afisa wa chuo akiona wino wa mtu kwenye 7b, kisanduku kile kile ninachodai kina kosa, atafikiri nimekichora mimi. Usimpe mtu Member-4 yako halisi mkononi. Peleka fotokopi, shikilia halisi, akitaka kulinganisha alinganishe ikiwa mbele yako. Nilipomwonyesha lile onyo, alisema, "Ni kalamu tu," akaita nambari inayofuata.

Nimeondoa ile nyota ya pili. Nakala safi nimeiomba St. Louis, na kwenye SF 180, sehemu ya maelezo, nimeandika neno "kusahihisha" kwa herufi kubwa.