Uzoefu wangu wa kufunga betri mbili kwenye gari la kazi, Dodoma

Gari langu ni Land Cruiser ya dizeli inayobeba friji ndogo ya chanjo za mifugo kutoka Dodoma mjini kwenda vijiji vya Bahi, Kongwa na Kondoa, na mara nyingi nalala humo humo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo friji haizimwi hata injini ikiwa imezimwa. Kwa sababu hiyo niliweka betri ya pili, ya aina ya AGM (ya risasi na asidi, ila asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo) yenye ujazo wa 100Ah, yaani ampea-saa 100, pamoja na chaja ya ampea 20 inayofungwa kati yake na betri ya kuwashia. Baada ya kuvitumia kiangazi chote, nasema bila kusita kwamba chaja hiyo ina thamani kuliko betri yenyewe.

Betri ya kuwashia ina sahani nyingi nyembamba za risasi ndani yake ili itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache wakati starta inazunguka, kisha dinamo huirudishia kilichotumika. Ukiibebesha friji usiku kucha, kila siku, itakufa mapema hata kama ni mpya na ya bei kubwa. Betri ya matumizi ya ndani, kama hii yangu ya pili, ina sahani nene zinazovumilia kushuka polepole na kupanda tena, ingawa nayo, ikiwa ni ya risasi na asidi, haifai kuzoea kushuka chini ya nusu. Friji yangu hula takribani ampea 4 kompresa ikifanya kazi, na kwa joto la Oktoba hufanya kazi karibu nusu ya muda, yaani kama 48Ah kwa siku, ilhali betri inanipa 50Ah tu za kutumia kwa usalama. Taa na feni zikiongezeka, siku ya pili lazima gari litembee au paneli ya sola ya wati 100 iliyo juu ya paa isaidie.

Wakati wa kununua nilikwenda na mita. Katika duka la kwanza betri niliyoonyeshwa ilisoma volti 12.2, nayo ilikuwa na vumbi hadi kwenye vichwa; betri iliyojaa husoma 12.6 au zaidi, na iliyokaa dukani ikiwa nusu huwa imeanza kujenga salfeti, yaani ukoko unaopunguza uwezo wake, kwenye sahani. Niliiacha. Nilichagua AGM kwa kuwa imefungwa, na katika matumizi ya kawaida haitoi gesi kama betri ya maji, jambo ambalo kwa mtu anayelala ndani ya gari si dogo. Lithiamu ni nyepesi na hutumika karibu yote, ila bei yake ilinishinda.

Mafundi wengi hupendekeza rilei, yaani swichi ya umeme inayojiendesha yenyewe, inayounganisha betri mbili injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Ni rahisi, na huilinda vizuri betri ya kuwashia. Shida yake ni kwamba dinamo yangu hutoa volti 14.1, na kwa rilei, baada ya umeme kupita kwenye waya mrefu hadi nyuma huku friji ikivuta, mita ilisoma 13.6 tu kwenye betri ya pili, wakati yangu huhitaji 14.4 au zaidi ili ijae kweli. Chaja huipandisha volti hiyo, kisha huishusha yenyewe betri inapojaa. Hata hivyo, sehemu ya mwisho ya kujaza huchukua saa kadhaa kwa chaja yoyote, kwa hiyo safari ya Kongwa pekee haitoshi. Hapo ndipo paneli humalizia kazi mchana gari likiwa limeegeshwa.

Kasoro niliyoiona ni joto: chaja ikipata moto hupunguza mkondo, na karibu na injini ilikuwa ikishuka hadi kama nusu. Fundi aliihamishia nyuma ya kiti, penye hewa, akaweka fyuzi karibu na kila betri na waya mnene zaidi, na tangu hapo hutoa ampea 20 zake hata saa nane mchana.