Miezi minane na taa inayojiwasha: ratiba ya simu, ESP8266 na giza la umeme kukatika

Nimeishi na taa hii miezi minane, kila usiku. Iko nje, juu ya mlango, na kazi yake ni moja tu: iwake giza linapoingia, izime kukipambazuka, bila mtu kuigusa. Mama yangu huamka kabla ya alfajiri na kutoka nje. Macho yake yamepungua nguvu, na hapo mlangoni pana ngazi tatu. Kwa hiyo sikuifanya kazi hii kwa kujifurahisha. Taa isipowaka, mtu ninayempenda anaweza kuanguka.

Vifaa ni vichache: bodi ya NodeMCU, yaani kompyuta ndogo sana yenye chipu ya Wi-Fi ya ESP8266, rilei moja ya volti 5 (swichi inayowashwa na kuzimwa na bodi), na chaja ya simu ya zamani ya kuvipa umeme. ESP8266 ilitoka mwaka 2014, na wengi watakwambia uchukue ESP32 iliyoifuata. Kwa taa moja, hii ya zamani inatosha kabisa. Kumbuka tu kwamba inashika Wi-Fi ya GHz 2.4 peke yake. Ruta yako ikiwa inarusha GHz 5 tu, bodi haitaiona hata ukiiweka pembeni yake.

Nilianza na programu ya simu ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa nzuri kwa macho: kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima, na ukurasa wa ratiba unaoeleweka mara moja. Wiki tatu za kwanza sikuwa na neno. Kisha jioni moja intaneti ikakatika. Wi-Fi ya nyumbani ilikuwepo, umeme ulikuwepo, bodi ilikuwa inafanya kazi, lakini saa ya kuwaka ikapita na nje kukabaki giza. Nikafungua simu, kitufe kimefifia, hakibonyezeki.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho ningependa mtu angeniambia mapema. Nilidhani ratiba niliyoiandika imeingia ndani ya taa. Haikuwa hivyo. Ilikuwa inakaa kwenye seva, kompyuta ya mbali ya wenye programu, na saa ikifika seva ndiyo inayotuma ujumbe wa kuwasha. Ujumbe usipofika, bodi haina habari yoyote, inasubiri tu. Siku nyingine mambo yakawa kinyume: taa iliwaka vizuri jioni, intaneti ikakatika usiku, amri ya kuzima haikufika, na taa ikakesha mpaka mchana kweupe.

Kwa hiyo kabla hujaifunga taa yako ukutani, fanya jaribio hili. Andika ratiba ya dakika tano mbele. Kisha chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, Wi-Fi yenyewe iache, usubiri. Taa ikiwaka, ratiba iko ndani ya kifaa. Halafu rudia, lakini safari hii intaneti ikiwa bado imechomolewa, kizimie kifaa umeme na ukirudishie kabla ya saa kufika. Hili la pili ni gumu zaidi, na vifaa vingi vitashindwa. Nitalirudia.

Niliifuta ile programu nikaweka Tasmota. Ni programu huria ya ndani ya kifaa iliyoanzishwa na Theo Arends, na inaingia kwenye bodi kwa waya wa USB kupitia kivinjari cha kompyuta, kazi ya dakika chache. Baada ya hapo taa inakuwa na ukurasa wake yenyewe. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi ileile, unafungua anwani ya taa na kila kitu kiko hapo. Nimeuweka ukurasa huo kama alama kwenye uso wa simu, nagusa mara moja unafunguka. Hakuna akaunti ya kujisajili. Weka nywila ya ukurasa huo, usiuache wazi. Ukiwa mbali na nyumbani hutaifikia taa bila kuongeza mitambo mingine, na kwa anayetaka kuwasha taa akiwa safarini hilo ni pungufu la kweli. Mimi sihitaji. Ninachohitaji ni taa inayojua kazi yake hata nisipokuwepo.

Ukurasa wa taima, yaani wa ratiba za saa, ndio ulionifanya nibaki nayo. Kuna nafasi 16. Kila moja unachagua siku za juma, saa, kama ijirudie au iwe ya mara moja, na kitendo: kuwasha, kuzima, au kugeuza hali iliyopo. Unaweza kuipa nafasi ya kucheza mpaka dakika 15 kabla au baada ya saa, ili anayeitazama nyumba kwa nje asione taa inayowaka dakika ileile kila siku. Na badala ya saa unaweza kuchagua macheo au machweo, ukaongeza au kupunguza dakika utakavyo. Ratiba hizi zote zinahifadhiwa kwenye bodi. Intaneti ikikatika, bodi inaendelea kuhesabu saa yake.

Makosa niliyofanya hapa ni yangu mwenyewe. La kwanza lilikuwa la lugha. Mama alisema anataka iwake saa kumi na mbili na nusu. Mdogo wangu, aliyekuwa ameshika simu, akaandika 12:30. Taa ikawaka jua la utosi. Kifaa kinataka 18:30, na kama nyumbani kuna zaidi ya mtu mmoja anayeigusa ratiba, mkae muelewane kabla.

La pili lilinisumbua siku mbili. Nilihama kutoka saa maalumu nikaenda machweo, kwa kuwa giza halifuati saa ya ukutani. Usiku huo taa iliwaka karibu saa tano. Nilikuwa nimeshaweka tofauti ya saa za kwetu na UTC (saa ya kimataifa), na saa kwenye ukurasa ilikuwa sahihi, kwa hiyo sikuelewa. Sababu ni kwamba kifaa kinakokotoa machweo kwa latitudo na longitudo, na usipoweka zako kinatumia zilizokuja nazo: 48.858360 na 2.294442. Ziangalie kwenye ramani, ni Mnara wa Eiffel. Ilikuwa katikati ya Juni, wakati ambapo jua la Paris linachelewa sana kutua, na taa yetu ilikuwa inalisubiri. Nikaandika namba za hapa nyumbani, na tangu siku hiyo inawaka anga ikiwa bado na wekundu kidogo, kama nilivyotaka.

Kuhusu rilei, chagua pini vizuri. Nilianza na D4, ambayo kwenye chipu yenyewe inaitwa GPIO2. Pini hiyo inatoa ishara zake wakati bodi inaamka, kwa hiyo kila umeme uliporudi rilei iligonga na taa ikapepesa. D3 pia iache. Hiyo ni GPIO0, na ikivutwa chini (volti zake zikishuka hadi sifuri) wakati wa kuamka bodi haianzi kabisa. Nilihamia D5 na kelele zikaisha. Rilei nyingi za aina hii huwaka pini inaposhuka, si inapopanda, basi kwenye mipangilio chagua Relay_i. Ukichagua Relay ya kawaida taa itawaka mchana na kuzima usiku.

Na upande wa umeme mkubwa nilimwita fundi umeme. Ninajua kuchomelea waya wa bodi, lakini waya wa laivu unaopita kwenye rilei si wa kujifunzia. Alitumia pande za COM (ya pamoja) na NO (inayokaa wazi mpaka rilei iwashwe), akaweka fyuzi, akafunga kila kitu ndani ya boksi la plastiki lisilopitisha maji. Usiiache rilei wazi hata kwa siku moja ya majaribio.

Sasa nirudi kwenye jaribio lile la pili, la umeme kukatika.

Bodi hii haina saa yenye betri. Ikizimika, inasahau saa, na ikiamka inaiomba upya kwenye intaneti. Umeme ukirudi na intaneti isirudi, bodi iko macho lakini haijui ni usiku au mchana, na taima zote zinalala. Dawa niliyoipata ni moduli ya saa ya DS3231. Ina betri yake ndogo, na upotevu wake hauzidi sehemu 2 kwa milioni kwenye joto la kati ya nyuzi 0 na 40, ambayo ni kama dakika moja kwa mwaka mzima. Inaunganishwa kwa D1 na D2. Shida ni kwamba faili za Tasmota zilizo tayari kwa ESP8266 hazikuwa na msaada wa saa hiyo, ikabidi niijenge programu mwenyewe kwenye kompyuta baada ya kuongeza mstari wa USE_DS3231. Ilinichukua jioni nzima na nilikaribia kukata tamaa. Jambo moja la hatari: moduli nyingi za bei nafuu zina njia ya kuchaji betri, na betri ya CR2032 haichajiwi. Ipe moduli volti 3.3, si 5.

Bado lilibaki tatizo jingine ambalo saa peke yake haiwezi kulitatua. Umeme ukiwa umekatika dakika ileile ya kuwaka, taima imepita, na kifaa hakirudi nyuma kuitekeleza. Nilisoma kuhusu kuandika kanuni maalumu za kifaa kinapoamka, zinafanya kazi, lakini nikachagua njia rahisi ambayo hata mdogo wangu anaweza kuirekebisha. Nina nafasi 16, natumia tisa. Ya kwanza inawasha wakati wa machweo. Kisha nyingine tano zinawasha tena saa 19:00, 20:00, 21:00, 22:00 na 23:00. Taa iliyowaka tayari ikiambiwa iwake haipotezi kitu. Asubuhi tatu zinazima, zikifuatana kwa saa moja moja, kwa sababu bodi ikiamka hurudisha hali iliyokuwa nayo mwisho, na sitaki ikumbuke usiku wakati jua limeshatoka.

Juzi umeme ulikatika kabla ya machweo na kurudi saa mbili kasorobo. Ruta ilikuwa bado inaonyesha taa nyekundu, intaneti haijaja. Nilikaa mlangoni na mama tukisubiri. Saa mbili kamili rilei ikagonga ndani ya boksi, na ngazi zote tatu zikaonekana.