Usinunue Nakala Isiyo na Picha! Uchambuzi wa A Monster Calls

Habari zenu wapenzi wa vitabu! Leo Mbeya baridi imekaza, ila mikono lazima itoke kwenye koti kwa sababu hiki kitabu kinatakiwa kufunguliwa mkione. A Monster Calls, cha Patrick Ness, 2011. Wazo ni la Siobhan Dowd, aliyefariki kwa saratani 2007 kabla hajakiandika. Kisa wengi mmekiona kwenye filamu ya 2016: Conor, miaka 13, mama mgonjwa, na zimwi la mti linakuja dirishani saa sita na dakika saba usiku kumsimulia hadithi. Naruka hayo.

Picha sasa. Sogea, tazama huku pembeni. Wino unaanza kama ukungu, nafungua ukurasa, umeshatambaa mpaka kwenye maandishi. Nafungua tena, weusi umetanda kurasa zote mbili, maneno yamebanwa kona. Ona na watu: wengi ni vivuli tu. Mchoraji, Jim Kay, hakutumia rangi hata moja, na michirizi mingine kaipata kwa kugonga vitu kama mbawakawa na vibao vya kukatia mkate. Kijana aliyefiwa ambaye hataki kuongea anaweza kukuwekea kidole hapa, akakwambia, "Ndiyo hivi." Mwaka 2012 kikabeba tuzo mbili za Uingereza za vitabu vya watoto, Carnegie ya uandishi na Greenaway ya michoro, kwa pamoja, hakuna kitabu kilichowahi kufanya hivyo kabla.

Kwa hiyo ukiagiza, muuzaji akutumie kwanza picha ya kurasa za ndani, jalada halitoshi. Zipo nakala za maandishi matupu. Na tafadhali, msikitoe kopi! Mashine inageuza kijivu kuwa doa jeusi, herufi zinamezwa. Bei ya nakala mpya inapandishwa na usafiri, kwa hiyo iliyotumika ni sawa kabisa, mradi kurasa hazijachomoka.

Halafu huo mti. Unaitwa yew. Usifikirie mipaina ya Sao Hill: huu una sumu, Uingereza unaota makaburini, na gome la ndugu yake wa Marekani ndilo lililotoa paclitaxel, dawa ya saratani. Ndiyo maana hadithi ya pili ya zimwi inauma. Mganga wa mitishamba, mchoyo, anautaka mti wa yew kwa dawa, ananyimwa na mchungaji anayemsema vibaya mimbarini. Mabinti wa mchungaji wanaugua, baba anakimbilia kwa mganga huyohuyo, yuko tayari kuitupa imani yake. Soma hapo na vijana wa Uyole au Tukuyu, simama kabla jibu halijatoka, uliza nani mkosaji. Watagawanyika.

Vitabu vingine vya msiba vinamleta rafiki mpole, anafuta machozi, basi. Zimwi hili halibembelezi. Linakaa na Conor mpaka aseme neno analoliogopa kuliko kifo chenyewe. Sisi tunamwambia mtoto "jikaze". Lakini Rungwe hiihii, Monica Wilson aliyefanya utafiti miaka ya 1930 aliandika jinsi Wanyakyusa walivyocheza ngoma mazikoni, uchungu ukatoka kwa miguu na sauti.

Kinachoniudhi ni Lily, yule rafiki wa shuleni. Kapewa nafasi finyu mno! Ingawa... kile kikaratasi anachompa Conor darasani, cha kuomba msamaha, kinafanya kazi kubwa kwa mistari michache. Haya, nampunguzia lawama, ila kurasa kumi zaidi zingemtosha.

Tahadhari moja: kama mzazi wa mtoto yuko hospitali sasa hivi, mtu mzima akisome kwanza mpaka mwisho, halafu wasome pamoja. Ile ndoto mbaya inayomsumbua Conor si ya kumwachia mtoto peke yake usiku.

Kipindi kijacho tunarekodia Iringa. Mliokisoma, niandikieni hapo chini: mganga au mchungaji?