Kizibo cha mdomo cha kulalia: kinafaa, ila pua kwanza

Ninachokizungumzia ni kile kipande cha plastiki laini kinachokaa kati ya midomo na meno. Hakiumwi kama cha mabondia, wala hakisukumi taya mbele. Kinaziba mdomo ili hewa ipite puani, basi. Kwangu kimefaa: koo halikauki usiku, na ule utando mzito wa asubuhi kwenye ulimi umepungua sana.

Kabla ya kununua, pima pua. Lala chali, funga mdomo, pumua kwa pua dakika 3. Ukianza kutafuta hewa, tatizo liko puani, iwe mafua, mzio au nyama za pua, na kizibo utakitema usingizini bila kujijua. Tibu pua kwanza.

Kukifinyanga kunataka haraka. Maji yakishachemka, yaepue yakae dakika 1, tumbukiza kizibo kama sekunde 20 mpaka kilegee (karatasi yake ikisema vingine, ifuate hiyo). Kichovye kidogo kwenye maji baridi kisikuunguze fizi, kipachike, funga midomo, kandamiza kwa vidole kutokea nje huku ukifyonza. Kisha maji baridi kikaze. Kikikaa mno kwenye maji moto hujikunja, na hapo hakirudi tena.

Kinapowashinda wengi ni katikati, upande wa juu. Inua mdomo mbele ya kioo utaona uzi wa nyama unaouunganisha na ufizi. Kizibo kina mkato mdogo hapo, na mara nyingi hautoshi. Kinasugua usiku kucha, asubuhi unaamka na kidonda. Uongeze mkato huo wa kizibo kwa mkasi wa kucha, milimita 1 kwa mara moja, kisha chovya sehemu hiyo tu kwenye maji moto na uilainishe kwa kidole kibichi. Usiguse pembe za kushoto na kulia. Ukizipunguza, hewa inapenya na pesa yako imekwenda.

Mwanzoni udenda ni mwingi, tandika taulo juu ya mto. Kivae kwanza jioni ukiwa macho, kinywa kizoee. Plasta ya mdomo ni rahisi zaidi kwa bei, lakini haishiki kwenye ndevu na inachubua ngozi. Kizibo unakisukuma nje kwa ulimi tu, ndiyo maana nakipendelea. Hata hivyo, usikivae ukiwa umelewa au una kichefuchefu.

Kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji. Dawa ya meno inakikwaruza, na harufu huanzia kwenye mikwaruzo hiyo.

Anayekoroma, pumzi ikakatika, kisha akashtuka, akapimwe hospitali. Hii si tiba yake. Aliyekwisha kuandikiwa mashine ya hewa yenye barakoa ya puani, na hewa inamtorokea mdomoni, amuulize daktari wake kama anaweza kukivaa pamoja na mashine, kamwe si badala yake.